Moto Mahali Pake: Jinsi Gesi Taka za Mafuta Zinavyochomwa kwa Usalama

Sambamba na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya kuelekea mpaka wa Zambia kuna bomba lililofukiwa ardhini, ambalo kwa zaidi ya nusu karne limekuwa likisafirisha mafuta kutoka Kigamboni hadi Ndola, umbali wa kilomita 1,710. Jina lake, TAZAMA, limeundwa kwa silabi za kwanza za Tanzania, Zambia na mafuta, na kila mzungumzaji wa Kiswahili huiona mara moja maana yake nyingine, ingawa lenyewe si rahisi kulitazama, kwa kuwa hujitokeza zaidi kwenye vituo vya kusukumia mafuta, vikiwemo vya Iringa na Mbeya.

Bomba hilo lilizaliwa na siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru wa upande mmoja, na Zambia, ambayo haina bahari na ilizoea kupata mafuta yake kwa njia ya kusini, ikajikuta imefungiwa njia hiyo na inategemea malori yaliyokwama kwenye vumbi na matope ya Nyanda za Juu Kusini. Kampuni ya Snam Progetti ya Italia ilikamilisha bomba mwaka 1968. Mwanzoni lilibeba mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kuanzia mwaka 1973, kiwanda cha kusafishia mafuta cha Indeni kilipoanza kazi Ndola, likabeba mafuta ghafi yaliyochanganywa na mafuta mepesi. Indeni ilisimamisha usafishaji mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka 2023 bomba likageuzwa kubeba dizeli. Kigamboni penyewe palikuwa na kiwanda cha TIPER, kilichoanza mwaka 1966, ambacho kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubaki ghala la kuhifadhia.

Mzigo uliosukumwa kupita Iringa na Mbeya ukiwa kimiminika haukubaki wote kimiminika ulipofika mwisho wa safari. Mafuta ghafi yanapopashwa moto kiwandani, sehemu yake ndogo hugeuka gesi ambazo haziwezi kuuzwa kama petroli wala kama dizeli, nazo ni gesi zinazowaka, zinazolipuka na baadhi yake zinazoua. Jibu la viwanda vingi duniani ni kuzichoma ndani ya tanuri lile lile linalopasha mafuta, ili kilichokuwa taka kiwe kuni. Usalama wa jibu hilo hautokani na unene wa chuma peke yake; unatokana zaidi na mpangilio, kwamba hewa, gesi na moto vikutane mahali palipochaguliwa, kwa zamu iliyopangwa, na visikutane popote pengine.

Gesi hizi hutoka wapi

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa mamia ya vitu ambavyo kila kimoja huchemka kwa joto lake. Kazi ya kwanza ya kiwanda ni kuyapitisha mafuta hayo katika mirija iliyopangwa ndani ya tanuri, yaani chumba kikubwa cha chuma kilichotandikwa matofali yanayohimili moto, ambamo miali huwaka nje ya mirija na mafuta hupita ndani yake mpaka yafikie joto la nyuzi 350 hadi 370 za Selsiasi. Kutoka hapo huingia kwenye mnara wa kukenekea, ambamo mvuke hupanda na kuganda ngazi kwa ngazi: mafuta mazito hubaki chini, dizeli hukusanywa katikati, mafuta ya taa juu yake, na petroli ghafi karibu na kilele. Kinachobaki bila kuganda hata baada ya kupozwa ndicho gesi: methani, ithani, propani na butani, haidrojeni kidogo, na pale ambapo mafuta yana salfa, haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza.

Sehemu kubwa ya gesi za kilele hutoka kwa mgandamizo wa kutosha, hukusanywa, husafishwa na kutumika kama nishati ya kiwanda. Ngumu zaidi ni zile zinazotoka kwenye mnara wa pili, wa ombwe, ambamo mabaki mazito hukenekwa chini ya mgandamizo mdogo sana ili yachemke kabla hayajaungua na kuwa makaa. Ombwe hilo hutengenezwa na vifaa viitwavyo ejekta, ambavyo hupuliza mvuke wa maji kwa kasi kubwa na kufyonza hewa na gesi za mnarani. Mvuke huo ukishapozwa na kuwa maji, hubaki gesi chache, dhaifu kwa mgandamizo, zenye haidrojeni salfaidi nyingi, na ambazo zimechanganyika na hewa iliyopenya kwenye viungio vya mabomba, kwa sababu chombo chenye ombwe hakivuji kwenda nje bali huvuta hewa kuingia ndani. Gesi hizi ndizo hasa zinazoitwa gesi taka, na hatari yake imejengeka katika asili yake: zinafika zikiwa tayari zimeanza kukutana na hewa.

Kwa nini zisiachwe ziende zao

Njia rahisi kuliko zote ingekuwa kuziachia angani, na katika siku za mwanzo za viwanda vya mafuta ndivyo ilivyofanyika mara nyingi. Haidrojeni salfaidi peke yake inatosha kuonyesha kwa nini njia hiyo iliachwa. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa, lakini inapokaribia sehemu 100 kwa milioni huipumbaza pua yenyewe, hivi kwamba mfanyakazi huacha kusikia harufu na kudhani hatari imepita, ilhali ndiyo kwanza inaongezeka. Ikizidi sehemu 700 humwangusha mtu na kumuua katika muda mfupi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, huteremka na kutuama kwenye mitaro na mashimo, mahali ambapo mtu huinama kufanya kazi. Methani nayo haina sumu ya namna hiyo, ila ikiachwa angani huhifadhi joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko kaboni daioksaidi ya uzito ule ule katika kipindi cha miaka 100.

Njia ya pili ni mwenge, ile nguzo ndefu yenye moto kileleni ambayo kila mtu aliyewahi kuona picha ya kiwanda cha mafuta anaikumbuka. Mwenge ni mlango wa dharura: kiwanda kinapopatwa na hitilafu, gesi nyingi hutakiwa kuondoka kwa dakika chache, na ni salama zaidi ziungue juu kuliko zipasue vyombo chini. Lakini kuuacha mwenge uwake mchana na usiku kwa gesi za kila siku ni kuunguza nishati hewani huku tanuri lililo hatua chache pembeni likinunuliwa mafuta mengine ya kuwasha. Gesi zikiingizwa tanurini, joto lake hupasha mafuta, salfa yake hupita katika dohani ndefu inayodhibitiwa, na sumu yake kali huvunjwa na mwali.

Kabla ya mwali

Moto hauhitaji gesi tu. Kama wasemavyo wahenga, kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kwa gesi kinga ya pili ni hewa, tena kwa kipimo. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko wake na hewa. Chini ya hapo ni chache mno, juu ya hapo hewa ndiyo haitoshi. Haidrojeni huwaka kuanzia asilimia 4 hadi 75, na haidrojeni salfaidi kuanzia takriban asilimia 4 hadi zaidi ya 40. Ndiyo maana wahandisi huuliza kwanza swali ambalo mtu wa kawaida hangelitarajia: ndani ya bomba, kabla gesi haijafika kwenye moto, kuna hewa kiasi gani? Bomba lililojaa gesi tupu haliwezi kuwaka ndani, hata cheche ikiingia. Bomba lililo na gesi na hewa katika kipimo kile cha katikati ni utambi unaosubiri.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kuziba hewa inakoingilia na kuipima kila wakati, na kazi ya pili ni kuhakikisha kwamba mwali, hata ukitaka kurudi nyuma, haupati njia. Mwali una mwendo wake. Katika mchanganyiko uliotulia wa methani na hewa hutembea kwa kiasi kisichofika nusu mita kwa sekunde. Wa haidrojeni hufikia karibu mita 3 kwa sekunde. Gesi ikitoka kwenye kichomeo, yaani mdomo unaotoa mwali, kwa kasi iliyo kubwa kuliko mwendo huo, mwali hubaki nje. Ikitoka polepole, mwali hupanda kinyume na kuingia bombani, na huko, ukiwa umebanwa na kuta, huongeza kasi mpaka ugeuke mlipuko. Gesi za ombwe, zinazofika kwa mgandamizo mdogo, ndizo zinazotoka polepole, kwa hiyo huwekewa vizuizi vya ziada.

Kimojawapo ni kizuia mwali, ambacho ni kifurushi cha mabati membamba yenye vijitundu vingi. Siri yake ilionyeshwa na mwanasayansi wa Uingereza Humphry Davy mwaka 1815, alipotengeneza taa ya wachimba makaa ya mawe iliyozungushiwa wavu wa waya: gesi hupita wavuni, lakini mwali ukigusa chuma hupoteza joto lake na kufa kabla haujatokea upande wa pili. Kizuizi kingine ni cha maji. Bomba la gesi huingizwa ndani ya pipa lenye maji, mdomo wake ukiwa umezama, gesi ikapanda kwa mapovu na kuendelea na safari. Mwali ukirudi hukuta maji, na maji hayaungui. Kifaa hicho ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kukidharau, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu pipa lisilojazwa maji ni bomba la kawaida lenye jina la kizuizi.

Kuna pia adui asiyefikiriwa, nalo ni tone. Gesi inapopoa bombani, sehemu zake nzito huganda: butani huwa kimiminika karibu na nyuzi sifuri, na vitu vilivyo vizito zaidi huganda hata katika joto la kawaida la chumba. Kwa kiwanda kilicho pwani jambo hilo ni la wastani, ila kwa nyanda za juu, ambako asubuhi za Juni na Julai hufanya majani yaliyo mabondeni yawe meupe kwa jalidi, bomba lisilofunikwa huwa kikenekezi cha pili. Kimiminika kikifika kwenye kichomeo hakitoki kama gesi. Hurushwa kikiwa kinawaka, kikamwagika kwenye sakafu ya tanuri au kikazima mwali kwa sekunde moja na kuuacha uwake tena kwa kishindo. Kwa hiyo kabla ya tanuri huwekwa pipa la kutenga majimaji, ambamo gesi hupunguza mwendo na matone kudondoka, na bomba linalotoka hapo huviringishiwa kibomba chembamba cha mvuke ili lisipoe tena.

Hata kutu ina nafasi yake. Haidrojeni salfaidi inapokula chuma huacha unga mweusi wa chuma na salfa, ambao ukikauka na kuguswa na hewa hujiwasha wenyewe, bila kiberiti. Fundi anayefungua bomba la gesi taka kwa ajili ya matengenezo hulilowesha kwanza na kulitunza likiwa limelowa, kwa sababu cheche anayoihofia imo ndani ya bomba tayari.

Zamu ya hewa, zamu ya moto, zamu ya gesi

Ajali nyingi za tanuri hazitokei likiwa linafanya kazi vizuri, bali wakati wa kuliwasha. Tanuri lililozimika linaweza kuwa limekusanya gesi iliyovuja kidogo kidogo kwenye vali isiyofunga sawasawa, na atakayepeleka moto humo atakuwa amewasha chumba kizima. Kwa hiyo utaratibu wa kuwasha huanza na hewa peke yake. Hewa, au mvuke, hupitishwa mpaka iwe imebadilisha ujazo wote wa tanuri mara kadhaa, na desturi ya viwanda vingi ni isipungue mara nne au tano. Baada ya hapo huwashwa kimwali kiongozi, ambacho ni mwali mdogo wenye gesi yake safi na isiyobadilikabadilika. Kimwali kikishathibitika kuwa kinawaka, ndipo gesi kuu ya kiwanda inaporuhusiwa. Gesi taka huja mwisho kabisa, tanuri likiwa limeshapata moto na kuta zake zimekuwa nyekundu, na hupewa vichomeo vyake yenyewe, ili udhaifu wake usiambukize vichomeo vikuu.

Wakati wa kuzima, mpangilio ni huo huo uliogeuzwa: gesi taka hufungwa kwanza, gesi kuu baadaye, hewa mwisho. Na pale mwali unapotoweka ghafla, hakuna nafasi ya majadiliano. Jicho la umeme linaloangalia mwanga wa mwali hutoa taarifa, na ndani ya sekunde chache vali mbili zilizofuatana hufungwa, huku vali ya tatu, iliyo katikati yake, ikifunguka ili kiasi chochote kitakachopenya vali ya kwanza kitolewe mahali salama badala ya kuingia tanurini. Kwa kuwa mnara wa ombwe hauwezi kusimama mara moja, gesi taka hugeuzwa kuelekea njia nyingine iliyoandaliwa, kwa kawaida mwenge. Kosa linalojulikana katika fani hii ni la mwendeshaji mwenye haraka anayefungua gesi tena akitumaini kwamba matofali ya moto yataiwasha. Pengine yataiwasha, lakini baada ya gesi kujaa.

Pamoja na mitambo yote hiyo, bado kuna kazi ya macho. Kila baada ya muda mwendeshaji hulizunguka tanuri na kufungua kidirisha kidogo cha kuchungulia, akiwa amesimama pembeni ya kidirisha na si mbele yake, kwa sababu tanuri likipumua nje litapumulia hapo. Mwali mfupi wa buluu, uliosimama imara juu ya kichomeo, humwambia kwamba mambo ni sawa. Mwali mrefu wa njano wenye moshi kileleni ni dalili ya hewa pungufu. Mwali ulioinuka na kuachana na kichomeo, ukiyumba kama uliopotea, huonyesha kwamba gesi inatoka kwa kasi mno au hewa imezidi. Mwali unaolamba mirija huashiria kwamba mahali hapo chuma kitachoka mapema, na mrija ukipasuka mafuta yenye nyuzi zaidi ya 300 yatamwagika ndani ya moto.

Baada ya mwali

Kuungua si lazima kuwe kuungua kikamilifu. Ili haidrojeni salfaidi igeuke yote salfa daioksaidi na maji, na ili methani isiache kaboni monoksaidi, ambayo nayo ni sumu isiyo na harufu, gesi inahitaji joto la kutosha, muda wa kutosha ndani ya joto hilo, na kuchanganyika vizuri na hewa. Wahandisi hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa dohani: ikiwa ni asilimia 2 au 3, hewa iliyoingia ilizidi kidogo tu mahitaji, ikikaribia sifuri, kuna gesi iliyopita bila kuungua, ikizidi sana, joto linapashia hewa ya bure na kuitupa nje.

Hapa nyanda za juu zina hesabu yake. Mbeya, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, una mgandamizo wa hewa ulio chini ya ule wa Dar es Salaam kwa karibu asilimia 18. Hiyo ndiyo sababu maji ya Mbeya huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100 na maharage huchelewa kuiva. Na ndiyo sababu kila mita ya ujazo ya hewa inayoingia tanurini hubeba oksijeni pungufu. Ndola, ulio chini ya Mbeya lakini bado zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, una upungufu wa aina hiyo hiyo. Tanuri lililobuniwa kwa ajili ya pwani, likipelekwa juu bila kurekebishwa, litavuta ujazo ule ule wa hewa na kukosa oksijeni, kwa hiyo feni huhitaji nguvu zaidi na dohani, ambayo huvuta hewa kwa sababu moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje, huhitaji kurefushwa au kupanuliwa.

Salfa iliyoungua haijaisha habari zake. Sehemu yake ndogo hupata oksijeni ya ziada, hukutana na mvuke wa maji na kuwa asidi ya salfa, ambayo huganda kwenye chuma chochote kilichopoa chini ya nyuzi 120 hadi 150. Kiwanda kinachojaribu kubana joto lote la moshi ili kupunguza gharama hujikuta kinakula dohani yake chenyewe. Na salfa ikiwa nyingi, tanuri si dawa tena. Gesi huoshwa kwanza kwa kemikali inayofyonza haidrojeni salfaidi, na salfa hurudishwa kuwa unga wa njano unaouzika.

Mgololo na harufu ya paini

Iringa haina kiwanda cha kusafishia mafuta, lakini ina ndugu yake wa karibu kwa upande wa gesi. Huko Mgololo, wilayani Mufindi, kilijengwa kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, ambacho baadaye kilibinafsishwa na sasa kinaitwa Mufindi Paper Mills. Malighafi yake ni miti ya paini na mikaratusi ya ukanda wa Sao Hill, shamba kubwa kabisa la miti la serikali nchini, na njia yake ni ile iitwayo kraft, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu, kwa sababu karatasi inayopatikana ni imara na hufaa kwa mifuko ya saruji na makasha.

Katika njia hiyo, vipande vya mti hupikwa kwa joto la karibu nyuzi 170 katika maji yenye sodiamu haidroksaidi na sodiamu salfaidi. Nyuzinyuzi hubaki, takriban nusu nyingine ya mti huyeyuka na kuwa kimiminika cheusi. Kimiminika hicho hukaushwa kiasi kisha hunyunyiziwa ndani ya boila maalumu, ambamo mabaki ya mti huungua na kutoa mvuke, huku kemikali zikiyeyuka na kuteremka chini kama uji wa moto, tayari kutumika tena. Kwa hiyo tanuri la karatasi, kama la mafuta, hula taka za kiwanda chake. Nalo lina zamu zake zisizovunjwa, kwa kuwa maji yakivuja kutoka kwenye mrija na kugusa uji ule, hugeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua na kulipuka.

Kwa jumla, viwanda vya kraft hutoa pia gesi zinazonuka kama kabichi iliyooza: haidrojeni salfaidi na jamaa zake, hasa methili merkaptani. Kwa utaratibu uliokubalika kimataifa, gesi hizo hukusanywa na kuchomwa katika boila au katika tanuri la chokaa, ambalo ni pipa refu linalozunguka polepole, la jamii moja na yale yanayotumika katika viwanda vya saruji. Hugawanywa katika makundi mawili ambayo hayaruhusiwi kukutana. Kundi la kwanza ni gesi nzito zisizo na hewa, ambazo huzuiwa zisipate hewa, na husukumwa kwa mvuke badala ya feni, kwa sababu feni ni chuma kinachozunguka na chuma kikisuguana hutoa cheche. Kundi la pili ni gesi hafifu zilizochanganyika na hewa nyingi, ambazo huzuiwa zisipate gesi zaidi. Kila kundi likiwa peke yake liko nje ya kipimo cha kuwaka. Yakichanganywa yanaweza kukutana katikati. Na pale ambapo mti ni paini, huongezeka mvuke wa tapentaini, mafuta yale yale yanayompa mpasua mbao harufu nzuri mikononi, ambao huanza kuwaka ukiwa chini ya asilimia 1 tu ya hewa. Harufu ya msitu, ikifungiwa bombani, ni kemia ya kuogopwa.

Nchini Tanzania, kazi za namna hii huangaliwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ujuzi wa kazi hizi haujapitwa na wakati kwa sababu tu bomba la TAZAMA sasa linabeba dizeli: Uganda imepanga kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta huko Kabaale, Hoima, chenye uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku, na mafuta yatakayopashwa moto huko yatatoa gesi za kilele kama yalivyozitoa ya Kigamboni na ya Ndola.

Propani na butani, zile zile zinazopanda kwenye kilele cha mnara, zikitengwa na kusafishwa ndizo zinazojazwa kwenye mitungi ya gesi inayouzwa Soko Matola jijini Mbeya na Kihesa mjini Iringa. Kwa kuwa hazina harufu, watengenezaji huzitia tone la merkaptani, ukoo ule ule unaonuka kwenye viwanda vya karatasi, ili pua ya mpishi iwe mlinzi. Mpishi anayesikia harufu hiyo akafungua madirisha kabla ya kugusa swichi, kisha akarudi jikoni harufu ikiwa imeisha, akawasha njiti ya kiberiti kwanza na kuzungusha kitasa cha jiko baadaye, amefuata bila kufundishwa ratiba nzima ya tanuri la Ndola: hewa, kisha moto, kisha gesi.